"Nilidhani unajua": jibu kwa dada ambaye timu yake imemnyamazia

Dada mmoja ameniandikia, nafupisha: "Shikamoo mwalimu. Naongoza timu ya watu 7, tunatengeneza programu za kompyuta. Mi ndo mwenye uzoefu kuliko wote na kusema ukweli kama asilimia 80 ya kazi ngumu napiga mwenyewe. Siku hizi mitingi zetu ni kimya, nauliza kuna swali wanatikisa kichwa tu. Mwezi uliopita tumemkabidhi mteja kazi ina kosa kubwa, afu nikaja kugundua kijana mmoja alilijua siku 4 kabla. Nikamuuliza mbona hukusema, akajibu nilidhani unajua. Bosi ananiambia nijifunze unyenyekevu na ushirikiano. Naogopa nikijishusha watanipanda kichwani. Unyenyekevu kazini una faida gani kweli? Na je, niwaombe radhi mbele ya wote?"

Marahaba dada, na pole sana kwa yaliyokukuta kwa mteja. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye neno la huyo kijana nasimama. Nilidhani unajua. Hapo ndo pa kuanzia. Huyo sio mvivu, mvivu hagundui kosa siku 4 kabla. Aliliona, akalipima, afu akaamua moyoni kwamba kukwambia kitu ambacho pengine ushakijua kutamgharimu zaidi kuliko kunyamaza. Sasa jiulize hesabu hiyo alifundishwa na nani, na kwa ninavyoisoma barua yako alifundishwa na wewe, bila kukusudia, kidogokidogo, mitingi baada ya mitingi.

Bosi wako kakupa neno zuri ila hajakufungulia maana yake. Wengi wakisikia unyenyekevu wanawaza kuinamisha kichwa, kusema mi sijui kitu, kukubali kila unaloambiwa. Huo ni unyonge, na kwenye timu yako unyonge umejaa tayari, ndo hao wanaotikisa kichwa. Unyenyekevu ninaousema mimi ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda: unaijua kazi yako, unajua kabisa kwamba unaijua, na bado unafanya kazi ukiamini kuna kitu mwenzako anakiona ambacho wewe kutoka ulipokaa hukioni. Hakuna kujidharau hapo. Watu watakuletea methali ya kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli, ila haikwambii hicho kidole cha pili kinakujaje, na shida yako wewe iko hapohapo, vidole unavyo sita na haviji.

Ngoja nikupe kisa ambacho kwenye kazi hii ya kufundisha timu nakirudia kila mwaka na bado sijakizoea. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu mzito, marubani hawaonani na mnara wa kuongozea ndege hauwaoni. Ndege moja ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, iko mwisho wa njia inajiandaa kuruka, nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, bado inatembea kwenye njia ileile ikitafuta pa kuchepukia. Kapteni wa KLM alikuwa mtu mzito kwenye kampuni yake, mwalimu wa marubani wengine wa ndege zilezile za 747. Alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza rubani msaidizi akamkumbusha kwamba hawajapewa ruhusa, akatulia, akamwambia aombe. Muda mfupi baadaye akasukuma tena, na ruhusa ya kuruka bado haijatolewa, na safari hii msaidizi hakurudia onyo lake. Nyuma yao alikaa fundi wa ndege ambaye alikuwa amesikia kwenye redio maneno yaliyompa wasiwasi, akauliza kama yule wa Pan Am hajatoka njiani. Kapteni akamjibu kwa mkazo kwamba katoka. Fundi akanyamaza. Walikufa watu 583.

Angalia alivyosema huyo fundi dada, maana ndo somo lenyewe. Hakusema simama. Aliuliza swali, tena la upole. Mtu aliye chini yako akiwa na wasiwasi mkubwa mara nyingi hauleti ukiwa na ukubwa wake, anauleta umepunguzwa, umefungwa kwenye kitambaa cha swali, ili ukiukataa asiaibike. Kwa hiyo ukisubiri aje apige kelele utasubiri sana. Kiongozi mwenye unyenyekevu akisikia swali dogo anakifungua hicho kitambaa aone ndani kuna nini, umesikia nini, kwa nini unauliza. Sekunde kumi tu. Nina hakika huyo kijana wako kuna siku kati ya zile siku 4 alikupitishia swali dogo, kaa ukumbuke vizuri utalikumbuka.

Sasa hofu yako ya kupandwa kichwani, sitaki niipuuze kwa sababu ina mantiki, umefika hapo kwa kujua kazi na unaona kama ukionekana hujui utapoteza kilichokufikisha. Ila kuna kisa kingine cha ndege kinachonifanya nisikubaliane na wewe. Julai 19, 1989, ndege ya United, shirika la Marekani, safari namba 232, aina ya DC-10 yenye injini tatu, ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago. Angani injini ya mkia ikapasuka, vipande vikakata mifumo yote mitatu ya haidroliki, ile inayotumia nguvu ya mafuta ya kwenye mabomba kuiongoza ndege, yani usukani na mabawa havisikii tena. Kitu ambacho hakuna aliyefundishwa afanyeje kwa sababu kilionekana hakiwezi kutokea. Kapteni alikuwa Al Haynes, mtu wa uzoefu mkubwa. Akaletewa habari kwamba kati ya abiria kuna mwalimu wa marubani wa DC-10, Denny Fitch, yuko safarini tu. Haynes hakuuliza huyo ana cheo gani na mbele yangu anakuja kufanya nini. Alimwita ndani akampa kazi, na Fitch ndo akawa anashika vishikio vya injini mbili zilizobaki, anaongeza huku anapunguza kule, ndege ipinde kidogo, inyooke kidogo, wakati wengine wanaongea na mnara, wanatafuta kwenye vitabu, wanapima umbali. Walifika uwanja wa Sioux City wakaanguka kwenye njia, ndege ikavunjika na kuwaka moto, watu 112 wakafa. Kati ya 296 waliokuwemo, 184 wakapona. Baadaye marubani wengine walijaribu hali ileile kwenye mitambo ya mafunzo wakashindwa kuitua salama.

Je Haynes alipandwa kichwani? Mpaka mwisho alibaki kuwa kapteni, wote mle ndani walijua neno la mwisho ni la nani. Alichokitoa ni vishikio tu, hakutoa uamuzi. Ndo kitu nataka ukishike dada: kusikiliza na kuamua ni kazi mbili, na ukizichanganya ndo unaanza kuona kila mwenye wazo kama anataka kiti chako. Na Haynes mwenyewe miaka yote iliyofuata alikuwa anasema mafunzo ndo yaliwasaidia, maana kampuni yao tangu 1981 ilikuwa inafundisha marubani namna ya kutumia watu wote waliomo mle ndani, baada ya ndege yao nyingine mwaka 1978 kuishiwa mafuta karibu na Portland wakati kapteni kajishughulisha na hitilafu ya magurudumu na wenzake wanamdokeza habari ya mafuta kwa upole mno. Kwa hiyo unyenyekevu haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ulifundishwa darasani, ukafanyiwa mazoezi, kama unavyofanya mazoezi ya kutua. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wengi wanajikatia tamaa, wanasema mi ndo nilivyo, mi mkali. Hapana, ni ujuzi, unajifunzika.

Mimi mwenyewe nilijifunzia pabaya. Miaka ya nyuma niliongoza timu ndogo ya kukusanya takwimu, kulikuwa na binti mgeni kazini, siku moja mitingi akanyoosha mkono akasema mbona jumla ya safu ya tatu haifanani na ya jana. Nilikuwa na haraka, nikamwambia hiyo tutaiona baadaye, tuendelee. Sikumtukana, sikupandisha sauti, nakumbuka hata nilitabasamu. Aliushusha mkono taratibu, akakiweka kidole pale kwenye karatasi alipokuwa anasomea, akakiacha hapo mpaka mitingi inaisha. Jumla ilikuwa mbovu kweli na tuliirudia kazi ya wiki mbili. Ila hiyo ya wiki mbili ilipita. Ambacho hakikupita ni kwamba yule binti hakunyoosha mkono tena, miezi mitano, na wengine sita waliokuwepo walikuwa wameona, kwa hiyo nilimjibu mmoja nikawa nimewajibu saba.

Turudi kwenye asilimia 80 zako. Sina sababu ya kusema unadanganya. Ila mwaka 1979 watafiti wawili, Ross na Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mtu peke yake, mchango wako kwenye shughuli mbalimbali za nyumbani ni kiasi gani. Wakijumlisha jibu la mume na la mke mara nyingi ilizidi mia. Hawakuwa waongo, kila mmoja anakumbuka vizuri alichofanya yeye kwa sababu alikuwepo, jasho lake analijua, la mwenzake halijui. Kwenye timu ya watu 7 hiyo kitu inakuwa kubwa zaidi. We unakumbuka usiku uliokesha, hukumbuki yule aliyekaa saa tatu na mteja mkorofi kwenye simu ili wewe usisumbuliwe, pengine hata hujui kama ilitokea. Nakupa zoezi: wiki hii mfuate kila mmoja, mmoja mmoja, muulize ni kazi gani ulifanya mwezi uliopita ambayo unadhani mimi sikuiona. Afu nyamaza uandike. Nimewapa viongozi wengi hili zoezi na ni wachache wanaorudi na ile namba waliyoondoka nayo. Na hapo ndo ushirikiano unaanza kuwa na maana, huwezi kushirikiana na watu ambao kazi yao huijui.

Halafu usidanganywe na ukimya. Wengi wanadhani timu isiyoleta matatizo ndo timu nzuri. Mtafiti mmoja Mmarekani, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza timu za hospitali akitegemea kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume, timu nzuri ndo zilionekana kuwa na makosa mengi. Akachimba, akaona maelezo yake: kwenye timu nzuri watu walikuwa wanayasema makosa, na kule kwingine walikuwa wanayafunika, funika kombe mwanaharamu apite. Kwa hiyo dada, ukianza kubadilika usishtuke kuona wiki tatu nne za kwanza matatizo yanaongezeka. Yalikuwepo. Yameanza kukufikia tu.

Kuhusu namna ya kuwafungua midomo, kuna kitu kidogo mno ambacho wengi wanakidharau. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakiki chumba cha upasuaji, na moja ya hayo mambo, kabla kisu hakijagusa ngozi, ni kila mtu mle ndani ajitambulishe jina lake na kazi yake. Mpaka muuguzi aliyeanza jana. Walipoijaribu orodha kwenye hospitali 8 za miji minane, kuanzia London na Seattle mpaka Manila na Ifakara, matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi ndani yake, kuhesabu vitambaa, kuhakiki mgonjwa na sehemu inayopasuliwa, kwa hiyo sisemi ni majina peke yake. Ila wanaofanya kazi ile wanaielewa hiyo ya majina: mtu akishasikia sauti yake mwenyewe mara moja chumbani, hata kwa kutaja jina tu, mara ya pili inakuwa rahisi, na hiyo mara ya pili ndo anaweza kukwambia daktari huo sio mguu wenyewe. Na wewe fanya hivyo, kila mitingi ianze na kila mtu kusema sentensi moja, nafanya nini wiki hii na wapi pananitia wasiwasi, na aanze mgeni kuliko wote, we uwe wa mwisho. Ukianza wewe umeshawamaliza, watakachosema baada yako ni mwangwi.

Na hilo swali lako la kuna swali, liache kabisa. Kuna swali maana yake tumemaliza, kila mtu anajua. Uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa kutikisa kichwa. Mfano, hii kazi ikitufia mikononi mwezi ujao itakuwa imefia wapi? Au, nionyesheni kitu kimoja kwenye mpango wangu ambacho nyie mngefanya tofauti. Hapo unamwomba mtu akusaidie badala ya kumwomba akupinge, na mtu mwenye woga ataweza la kwanza kabla ya la pili. Ukipewa jibu, hata la hovyo, kitu cha kwanza kutoka mdomoni mwako kiwe swali la kuongezea. Utetezi wako uweke mfukoni. Najua utakuwa nao, na mara nyingi utakuwa uko sahihi, ila wenzako wanaangalia zile sekunde mbili za kwanza usoni mwako kuliko maneno yatakayofuata.

Kuna upande mwingine nisiuache maana ningekuwa nakudanganya. Wapo watakaotumia upole wako kukwepa kazi. Mhandisi mmoja Mfaransa, Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba, matokeo yake yakachapishwa 1913, na akaona kadiri watu wanavyoongezeka ndo kila mmoja anavyovuta kidogo, wakifika 8 wanavuta karibu nusu tu ya jumla ya nguvu zao. Sehemu ni kutokwenda pamoja, na tafiti zilizofuata zikaonyesha sehemu ni mtu kujificha nyuma ya wenzake. Dawa yake sio ukali. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja na tarehe, ionekane na wote, mtu asipotimiza aulizwe palepale kwa utulivu, na jina lako wewe liwemo kwenye orodha na uulizwe vilevile. Unyenyekevu bila hiyo ndo kweli watakupanda kichwani, hapo hofu yako iko sahihi.

Na huyo kijana naye ana lake. Kunyamaza na kosa siku 4 ili usionekane mjuaji sio unyenyekevu, japo inafanana nao kwa mbali. Mwambie hivyo, kwa upole, lakini mwambie baada ya wewe kusema lako kwanza.

Ambalo ndo swali lako la mwisho. Ndiyo, omba radhi, ila sio kama ulivyokuwa unafikiria. Usisimame mbele ya timu nzima ukasema nisameheni kama kuna mahali nimewakosea, maneno mapana hivyo hayamgusi mtu, na wenye woga watajiona wanatakiwa kukufariji wewe. Anza na kijana peke yenu, mtajie kitu halisi: siku fulani uliniuliza kitu fulani, nikakukata kauli, ningekuwa wewe na mimi ningenyamaza, nisamehe. Kama hukumbuki siku hiyo, muulize, na akisema hakuna kitu usimlazimishe, rudi wiki inayofuata. Afu kwenye mitingi sema kwa kifupi mbele ya wote kwamba kosa la mwezi uliopita lilijulikana ndani ya timu na halikunifikia, na njia ya kunifikia niliiziba mimi, kuanzia leo tunaanza hivi, endelea na kazi.

Jumatatu ya kwanza hakuna atakayeongea, nakwambia mapema usikate tamaa. Ukimya ukija usiujaze, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano, ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtu wa kwanza atakayekujaribu ataleta kitu kidogo kabisa, jina la faili limeandikwa vibaya, tarehe imekosewa, kitu ambacho kweli ulikuwa unakijua. Usimwambie ulikuwa unakijua. Kiandike, mshukuru kwa jina lake, na kesho yake mwonyeshe kimerekebishwa.